Mtani wa Kitanda cha Dirishani

Matokeo yangu ya kidato cha nne hayakuwa mabaya kiasi cha kusimuliwa, wala mazuri kiasi cha kusimuliwa. Daraja la nne. Biolojia D, kemia D, fizikia F, na Kiswahili C, ambayo hadi leo ndiyo alama kubwa niliyowahi kuipata katika mtihani wa taifa. Kijijini kwetu, ndani huko ukishaipita Nanyamba, tulimaliza wengi mwaka ule na wengi wetu tulipata hivyo hivyo, kwa hiyo hakuna aliyenicheka. Baba aliniuliza, "Umefaulu au umefeli?" Nikamwambia nimefaulu kidogo. Akafikiri. "Haya," akasema, "kesho tunapalilia mikorosho ya kule bondeni."

Ningeweza kusema shule yetu haikuwa na mwalimu wa fizikia, na ni kweli, kwa muda mrefu hatukuwa naye. Lakini msichana niliyekaa naye dawati moja alipata C ya fizikia kwa kusoma vitabu vile vile vilivyochanika ambavyo hata mimi niliviona. Kwa hiyo lawama zote siwezi kuitupia shule. Nyingine ni zangu, ila kiasi gani sijui.

Nilitaka kuwa tabibu. Sina hadithi nzuri ya kueleza kwa nini. Chuoni siku ya kwanza tuliulizwa swali hilo, na wenzangu wakasimama mmoja mmoja, huyu mama yake alifia kwenye uzazi, yule mdogo wake alikufa kwa malaria. Mimi hakuna aliyenifia. Nilipenda tu jinsi tabibu wa zahanati yetu alivyokuwa akimsikiliza mtu. Alikuwa anaweka kalamu chini, anageuza kiti, anauliza, "Ilianza lini?" Nyumbani tulizaliwa watoto saba. Hakuna aliyewahi kuniuliza kitu changu chochote kilianza lini.

Kwa hiyo nilikaa nyumbani, nikapalilia, nikapuliza dawa ya salfa kwenye mikorosho mpaka macho yakawa mekundu, na mchana wakati wengine wamelala mimi nasoma fizikia ya kuazima. Nikarudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nilikaa kwenye chumba kimoja na watoto waliovaa sare, mimi nimevaa shati la Idi. Mmoja akanisalimia shikamoo akidhani mimi ni msimamizi wa mtihani. Matokeo yakaja D. Nikawa na D tatu za sayansi, kiwango cha chini kabisa cha kuombea chuo cha utabibu, na nikaomba. Nikapata. Sijui walionikubali waliona nini. Labda nafasi zilikuwa hazijajaa, sitaki kujidanganya.

Mtwara mjini nilipanga chumba Magomeni, nyuma ya nyumba ya mama mmoja aliyekuwa akiuza maandazi. Alikuwa mtu mwema, lakini aliamka mapema na kulala mapema, na tulionana zaidi mlangoni kuliko kwingine kokote. Darasani wengi walikuwa wametoka kidato cha sita. Mhadhara ulikuwa wa Kiingereza, nao walikuwa wanaandika huku wanacheka. Mimi nilikuwa naandika nilichosikia kama nilivyokisikia, halafu nikifika chumbani natafuta yale maneno kwenye kamusi na nusu yake hayamo, kwa sababu nilikuwa nimeyaandika vibaya. Hawakunitenga. Naomba hilo lieleweke. Waliniita kwenye makundi yao ya kusoma, nami nikaenda, nikakaa, nikawa nawachelewesha. Baada ya muda niliacha kwenda kwa aibu yangu mwenyewe, na wao wakadhani napenda kusoma peke yangu.

Mwaka wa kwanza nilipata sapu, yaani mitihani ya marudio, na sapu zenyewe sikuzifaulu zote. Nikarudia mwaka. Kanuni ya chuo ilikuwa wazi na tulisomewa sote: ukisharudia mara moja, ukikwama tena unadisko, yaani unaondolewa moja kwa moja, unafunga begi. Wenzangu wakasonga mbele. Walionikuta nyuma walikuwa na kundi lao tayari. Kuanzia hapo sikuwa na darasa. Nilikuwa na kiti tu.

Tulipofika mwaka wa kwenda fildi, yaani kufanya kazi chini ya uangalizi kwenye vituo halisi, nilijua kwamba ile fildi ndiyo kila kitu kwangu. Mwenzangu akikwama anarudia. Mimi nikikwama narudi bondeni kwenye mikorosho.

Nilipangiwa kituo cha afya upande wa kusini, kwenye barabara ya kwenda mtoni Ruvuma. Msimamizi wetu alikuwa daktari mwanamke, mtu wa kanda ya ziwa, hakuwa amekaa sana huku kwetu. Alikuwa mkali, lakini ukali wake ulikuwa sawa kwa kila mtu, hata kwake mwenyewe. Akichelewa alikuwa anatuomba radhi sisi wanafunzi. Sijawahi kuona mkubwa mwingine akifanya hivyo.

Nikapewa wodi ya wanawake, kazi ya kusafisha vidonda. Kitanda cha dirishani alilazwa bibi mmoja mwenye kisukari, ana kidonda kwenye unyayo ambacho kilikuwa kimeanza kunuka. Alikuwa Myao, ametoka bara upande wa Tunduru kuja kukaa kwa binti yake aliyeolewa huku. Asubuhi ya kwanza nilimkaribia na trei yangu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe kabila gani?"

"Mmakonde."

"Ah. Ndiyo maana." Akawageukia wa vitanda vingine. "Jamani, mimi nimeomba daktari, nimeletewa fundi wa kuchonga. We baba, huu mguu si gogo la mpingo. Usije ukanichongea kinyago cha shetani hapa watalii wakanunua."

Wodi ikacheka. Mimi nilisimama na trei, na kitu fulani kifuani kikalegea, maana ilikuwa muda mrefu hakuna mtu aliyeniambia neno ambalo si la kazi.

"Bibi," nikasema, "mimi nachonga mpingo. Huu wako ni mpapai, hauchongeki."

Akapiga kofi kitandani. "Kumbe una mdomo! Haya, njoo."

Sisi Wamakonde na Wayao tunataniana. Sababu yake kila mzee anatoa ya kwake, sitajidai kuijua. Na hata kama si kabila, umri wake ulikuwa wa bibi yangu, na bibi na mjukuu ni watani popote. Mtani unamtukana, naye anakutukana, na aliyekasirika ndiye mshamba. Basi kila asubuhi ikawa hivyo. Aliniuliza kama nimenawa mikono au nimetoka kula panya. Nikamwambia nimenawa, na panya nimekubakishia mkia. Alisema Wamakonde tumeanza kuvaa viatu juzi. Nikasema Wayao mngekuja kutufundisha mapema lakini mlikuwa ngomani. Wakati huo mikono yangu inafanya kazi, naondoa nyama iliyokufa, namwagia maji ya chumvi, naweka kitambaa cha gozi, na yeye mguu ameutuliza.

Nesi aliyekuwa akimsafisha kabla yangu alikuwa na mkono mwepesi kuliko wangu. Niliwahi kumtazama akifanya na nikaona tofauti. Ila kwake bibi alikuwa akilia, na kwangu hakulia. Kidonda kikaanza kuwa chekundu pembeni, ule wekundu mzuri. Nilikuwa nachelewa kutoka wodini makusudi. Chumba nilichopewa nyuma ya kituo kilikuwa na kitanda na ndoo.

Kwenye kitanda jirani na cha bibi alikuwapo mama mwingine, wa familia ya wavuvi kutoka Mikindani. Ini lake lilikuwa limeharibika na tumbo limejaa maji. Binti yake alikaa naye mchana kutwa, mwanamke wa makamo, mpole, anampepea kwa kipepeo cha ukili. Tulikuwa tunasalimiana. Zaidi ya hapo sikuwa na kazi kwenye kitanda kile, maana hakuwa na kidonda.

Asubuhi moja binti wa bibi alikuwa ameleta doti mpya ya kanga. Bibi akaiweka juu ya mto ili kila mtu aione. Nikawa nafungua bandeji.

"We Mmakonde, usiziangalie kanga zangu kwa jicho hilo."

"Naziangalia kwa sababu ni zangu," nikasema. "Siku ukifa, bibi, hizi nachukua mimi. Na kile kitanda chako cha kamba nachukua. Na msibani kwako nitakula wali mpaka waanze kuniombea mimi."

"Utatangulia wewe! Nitakuja mpaka Nanyamba kula ubwabwa wako, na nyama nitaomba niongezewe."

"Njoo, lakini mguu huu uache nyumbani, utatushinda kwa harufu."

Wodi ilikuwa inacheka. Nikageuka kuchukua mkasi nikamwona msimamizi wangu amesimama mlangoni, faili kifuani. Hakucheka. Akasema, "Ukimaliza hapo, njoo nje."

Nilimaliza. Nilifunga bandeji vizuri kuliko siku zote, najua, kwa sababu nilikuwa naogopa.

Nje, chini ya paa la kusubiria, alizungumza taratibu.

"Umemwambia mgonjwa wako kwamba atakufa na utachukua nguo zake."

"Ni utani, madam. Yeye Myao, mimi Mmakonde."

"Utani naujua. Hata kwetu tunao. Lakini mimi sijawahi kuufanya nikiwa nimevaa koti jeupe."

Nikavua glovu zangu, moja moja.

"Nitamuuliza mwenyewe," akasema. "Sitaki kukuhukumu kwa kusikia mlangoni."

Hilo lilikuwa jambo la haki, na nililifurahia, maana nilijua bibi ananipenda. Kumbe ndipo nilipokosea hesabu. Alirudi wodini, akasimama kando ya kitanda cha dirishani na kalamu, mimi nyuma yake.

"Bibi, samahani. Huyu mwanafunzi amekutukana?"

Bibi akanitazama. Lile jicho nililijua.

"Kanitukana," akasema. "Tena matusi yenyewe mabovu. Kwao hata kutukana hawajamfundisha. Mfukuzeni, mwanangu. Arudi kwao akachume korosho, hapa anatuharibia miguu."

Wodi nzima ikaangua kicheko. Msimamizi akaandika. Niliona kalamu inakwenda na kurudi, hakuacha neno.

Yeyote aliyekulia huku anajua bibi alikuwa anafanya nini. Huwezi kumsifu mtani wako mbele za watu. Ukiulizwa habari zake unasema ni mwizi, ni mchafu, mfungeni, na wanaosikia wanaelewa kwamba mnaelewana sana. Angesema "huyu kijana ananitunza vizuri," sisi ndio tungeshtuka, tungedhani sukari imepanda. Lakini ningemwelezaje hayo mtu wa mbali, pale pale, mbele ya bibi? Kumwambia mtani "leo sema kweli" ni kama kumwambia urafiki umekwisha. Nikanyamaza. Msimamizi akanitazama akisubiri niseme kitu, sikusema, akafunga faili, akaniambia Jumatatu nifike ofisini. Nadhani alielewa kwamba nimekubali. Nisingemlaumu. Mtu akikaa kimya hivyo hata mimi ningeelewa hivyo.

Ile Jumamosi na Jumapili wenzangu wa fildi walikwenda mjini. Mimi nilibaki chumbani. Nilishika simu kumpigia baba, nikaiweka. Nilifikiria maneno ya kumwambia. Nimefukuzwa kwa kumtania Myao. Angecheka kwanza, halafu angeuliza kama ni kweli, halafu angenyamaza, na ule ukimya wake mimi nisingeuweza. Nikakaa nasikiliza watu wanaopita barabarani wakizungumza Kimakonde, lugha yangu mwenyewe, na nilihisi niko nchi nyingine.

Jumatatu nesi alimweleza bibi kwamba maneno yake yameandikwa na yule kijana anaweza kuondolewa. Bibi hakungoja trei. Alichukua mkongojo wake, akashuka kitandani na bandeji yake, akaruka kwa mguu mmoja mpaka ofisini. Mimi nilikuwa nimeitwa humo humo. Alifungua mlango bila kubisha.

"Hayo uliyoandika, futa."

"Bibi, kaa kwanza," msimamizi akasema, akampa kiti chake.

"Sikai. Nilikuwa natania, mwanangu. Ulitaka niseme nini? Nimsifu? Mtani wangu, nimsifu mbele ya wodi nzima? Watu wangesema kisukari kimepanda kichwani."

Msimamizi akamwangalia, akaniangalia mimi, kisha kwa mara ya kwanza nikamwona anacheka. Alicheka mpaka akavua miwani. "Nimekuelewa, bibi. Hilo nalifuta." Akalifuta kweli, mbele yetu, kwa mistari miwili.

Bibi akanigeukia. "Na wewe Mmakonde, mdomo wote ule, siku ya kuutumia unaufunga?"

Nilidhani yamekwisha. Nilishaanza kusimama.

"Ila wodi ile ina vitanda vingine," msimamizi akasema. "Bibi, ngoja nikuitie mtu akurudishe. Wewe baki."

Bibi alipoondoka, aliitwa yule binti wa mama wa Mikindani. Aliingia akakaa kwenye ncha ya kiti, kipepeo bado mkononi. Hakuwa amekuja kushtaki, na hilo alilisema mwenyewe. Aliulizwa tu, siku ile ilikuwaje kwa upande wenu.

"Mimi nilijua ni utani," akasema. "Hata kwetu watu wanataniana. Nilitaka hata kucheka." Akasita. "Lakini mama alisikia 'siku ukifa.' Hayo mengine hakuyasikia. Akageukia ukutani, na siku nzima hakutaka uji. Basi. Si kwamba amekosa huyu kaka. Ndiyo hali ya mama yangu."

Nilimfungulia mlango, akatoka. Mama yake alifariki wiki ile ile. Ugonjwa wake ulikuwa wa kumfikisha hapo, hata msimamizi aliniambia hivyo, bila kuulizwa. Sijifanyi kwamba nilimuua mtu kwa maneno. Lakini uji wa siku moja ni uji.

Uamuzi ulikuwa huu: kazi ya mikono nimefaulu, maadili na mawasiliano na wagonjwa nimefeli. Msimamizi angeweza kuandika nimefeli fildi nzima, na habari yangu ingeishia hapo. Hakuandika hivyo. Aliomba chuo kiniruhusu kurudia sehemu hiyo wakati wa likizo, kwenye zahanati ya pembezoni, na yeye mwenyewe atakuja kunipima. Nikifeli tena, nadisko. "Nimekutafutia mlango," akasema, "lakini ni mmoja."

Zahanati ile iko karibu na pale Ruvuma inapoingia baharini. Hapo mto haujui kama ni mto. Maji yakijaa, chumvi inapanda mpaka kwenye mikoko ya ndani, na yakipwa linabaki tope jeusi na njia za kaa. Wakati wa bamvua, maji yakitoka mbali, kliniki inakuwa tupu, kwa sababu wanawake wote wanakwenda kuokota chaza na kutafuta pweza. Maji yakirudi nao wanarudi, miguu imekatwakatwa, watoto mgongoni, na foleni inaanza saa ambayo mjini watu wanafunga ofisi. Hilo hakuna aliyenifundisha chuoni, nililijua kwa kukaa peke yangu kwenye benchi asubuhi nzima nikidhani watu wamenikataa.

Muuguzi wa pale alikuwa mama wa watoto wengi. Kazi ikiisha anakwenda kwake. Mimi nabaki na jengo. Niliamua tangu siku ya kwanza kwamba utani basi. Kila mtu shikamoo, karibu, kaa hapo, ilianza lini. Nilikuwa hata nafanya mazoezi ya uso usiocheka.

Watu wakanijaribu. Mzee mmoja Myao, mgonjwa wa presha, alisimama mlangoni akauliza kwa sauti, "Huyu ndiye Mmakonde aliyeletwa? Mamba hawajamwona bado?" Nikasema, "Shikamoo, baba. Karibu, kaa nikupime." Akabaki na mdomo wazi kidogo. Akakaa. Nikampima, nikampa vidonge, nikamweleza apunguze chumvi. Alipotoka nilimsikia akimuuliza muuguzi nje, "Kafiwa?"

Baada ya wiki kadhaa muuguzi akaniambia, "Wanasema unaringa. Ati usomi umekukaa vibaya. Ningewaambia alama zako wakatulia, ila sizijui."

"D tatu," nikamwambia.

"Basi nitawaambia. Labda watakupenda." Alikuwa anatania, na alikuwa Mmakua, angeweza kuwa mtani wangu kwa saa nzima. Nikatabasamu tu, nikarudi kupanga vidonge. Jioni nilipika ugali wa muhogo, nikala nikiangalia ukuta. Kuna siku nilijikuta najibu yale matusi ya yule mzee kwa sauti, jikoni, majibu mazuri, na hakuna wa kuyasikia.

Msimamizi alikuja siku ya bamvua, gari likiwa limejaa tope. Alikaa kwenye kona na karatasi zake, na hakuna mgonjwa. Nikamweleza habari ya maji, akaandika. Kisha mchana wanawake wawili wakamleta mwenzao wamemshika kwapa. Alikuwa amekanyaga taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, na mguu ulikuwa unavimba. Maumivu ya taa ni makali, watu wazima hulia. Huyu hakuwa analia. Aliliona koti langu, akasema kwa meno yaliyokazana, "Haya Mmakonde, sisi Wayao tumekuletea gogo. Usilipasue tu."

Nilisikia jibu likipanda kooni. Nikalimeza.

"Pole, mama. Weka mguu humu. Maji ni ya moto lakini hayaunguzi, yatavunja sumu."

Akajaribu tena. "Mnatuchemsha siku hizi? Panya wamekwisha?"

"Usiutoe mguu, mama. Tulia."

Akanitazama. Nikaona uso wake unafunguka kwa namna mbaya, kama mtu aliyekuwa ameegemea kitu na kitu kikaondolewa. Akaanza kulia. Alilia mpaka maji yakafanya kazi na maumivu yakapungua, na wenzake wakawa wanamshika mabega. Mimi nilifanya kila kitu kilichoandikwa kitabuni. Nilisafisha, nikatafuta kipande cha mwiba nikakipata, nikampa sindano ya pepopunda na dawa ya maumivu. Hakuna nilichokosea.

Walipoondoka msimamizi akauliza, "Kwa nini hukumjibu?"

"Madam, ulinikataza."

"Nilikukataza kumwambia mtu habari za kifo chake mbele ya mtu anayekufa. Hayo mengine sikuyakataza."

"Sasa mpaka uko wapi?"

Akaweka kalamu chini. "Sijui," akasema. "Huku mimi ni mgeni. Nilidhani wewe ndiye ungeniambia." Halafu akaandika nimefaulu, akatia sahihi, akanipa mkono. Kwenye sehemu ya maoni aliandika kwamba ninapaswa kuzungumza zaidi na wagonjwa. Gari likaondoka na tope lake.

Nikamaliza chuo. Sikuwa wa mwisho, na hilo nalitaja kwa sababu nilitegemea kuwa wa mwisho. Sasa ni tabibu, nina kituo changu na kiti ninachoweza kukigeuza. Nilipopata cheti nilikwenda nyumbani. Baba alikuwa ameshawapigia ndugu wote. Wakaja, wakakaa ukumbini, wakazungumza juu yangu kama vile sipo, kwa heshima. Nikatoka nje kupumua.

Njiani nikakutana na mama mmoja Myao, aliyeolewa kijijini kwetu tangu mimi sijazaliwa. Huyu utoto wangu wote alikuwa akiniona ananifukuza kwa fimbo, ananiita panya wa mikorosho, ananinyang'anya mabibo na kuyala mbele yangu, na mimi namwita mchawi. Alikuwa anatoka shamba, jembe begani. Nikasimama nikisubiri. Nilikuwa nalitaka kweli lile tusi.

Akaweka jembe chini, akainamisha kichwa. "Shikamoo, dokta."

Mama mtu mzima, ananiamkia mimi. Sikujua nifanye nini, nikafanya lile ninalolijua. "We mchawi," nikasema, "jembe hilo zuri. Siku ukifa nalichukua mimi."

Uso ukambadilika. Akaweka mkono kifuani, upande wa moyo.

"Kwani umeona nini, dokta?"

"Sijaona kitu, mama. Nakutania."

"Usinifiche, mwanangu. Hapa huwa panabana nikipanda kilima."

Tukakaa kwenye kisiki kando ya njia. Nikamuuliza ilianza lini. Akanieleza. Nikamshika mkono, nikahesabu mapigo ya moyo, kwa sababu alitaka niyahesabu. Yalikuwa mazuri. Nikamwambia hivyo, akanitazama usoni muda mrefu, kuona kama namficha.